Chumba cha Kelele katika Nchi ya Dhahabu

Kila mwaka wa masomo unapoanza, huwauliza wanafunzi wangu wanaotoka Geita, Kahama na Shinyanga swali moja: ni nani anayeziimba habari za kwenu? Majibu hayakawii. Wanawataja waimbaji wa Kisukuma ambao nyimbo zao husikika katika vibanda vya kuchajia simu na katika mabasi yaendayo Katoro. Wanawataja vijana wa Bongo Fleva waliokwisha kuhamia Dar es Salaam. Kisha huwauliza ni wimbo gani unaosema juu ya duara lililowafukia watu, juu ya fidia iliyocheleweshwa, au juu ya kijana anayevuta vumbi la karasha kutwa nzima na kulipwa kiroba cha mawe. Hapo darasa hunyamaza.

Sisemi kwamba nyimbo hizo hazipo. Zipo, nami nimezisikia zikiimbwa na watu waliochoka, kwa sauti ya chini, bila kipaza sauti. Nisemalo ni kwamba hazifiki mbali. Ukanda huu unaonguruma mashine usiku na mchana umekosa kelele ya aina moja: kelele ya vijana wake wakisema wanachokiona, bila kulipwa na yule wanayemsema. Katika makala hii nataka kueleza kwa nini mambo yako hivyo, na kwa nini sehemu kubwa ya tiba yake ni ndogo na ya bei nafuu. Tiba hiyo ni chumba.

Niruhusuni nianzie mbali, kwa muziki ambao wengi wenu mmelisikia jina lake tu: panki. Ulichipuka katikati ya miaka ya 1970 katika miji ya New York na London. Walioupiga hawakuwa mafundi wakubwa wa ala. Kundi la Ramones, lililoanzishwa mwaka 1974, lilipiga nyimbo za dakika mbili mbili, kwa gitaa lisilobembeleza mtu. Mwaka 1977 kundi la Sex Pistols la Uingereza lilitoa wimbo wa kumkejeli Malkia. Redio ya taifa, BBC, ikakataa kuupiga, na bado ukapanda hadi nafasi ya pili katika orodha ya mauzo. Wazee waliona utovu wa adabu. Vijana waliona jambo jingine: kwamba mtu asiye na cheti cha muziki, asiye na fedha wala mfadhili, anaweza kusimama na kusema, na asikilizwe.

Lakini mfano unaonigusa mimi, mtoto wa ukanda wa machimbo, hautoki katika miji mikubwa. Unatoka Aberdeen, mji mdogo wa jimbo la Washington, Marekani, ulioishi kwa magogo kama Geita inavyoishi kwa dhahabu. Biashara ya mbao ilipodorora, vijana wa Aberdeen walibaki na mvua, ulevi na uvivu wa kulazimishwa. Wawili kati yao, Kurt Cobain na Krist Novoselic, walifanya mazoezi katika chumba kilichokuwa juu ya saluni ya mama yake Novoselic. Mwaka 1987 wakaunda kundi la Nirvana. Albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, iligharimu dola 606 na senti 17 kuirekodi. Ya pili ilitoka Septemba 1991, na ilipofika Januari 1992 ilikuwa namba moja katika chati ya Marekani, ikiishusha albamu ya Michael Jackson.

Wanaosimulia habari hii hupenda kusema juu ya kipaji. Mimi humfikiria yule mama wa saluni. Bila mtu mzima mmoja kukubali kuvumilia kelele juu ya kichwa chake, kipaji kile kingeishia wapi? Mji uliozoea kutoa magogo ulitoa sauti kwa sababu palikuwa na sakafu moja ambayo vijana waliruhusiwa kukosea juu yake, usiku baada ya usiku, pasipo mtu kuwauliza wana faida gani.

Mtaniambia: hayo ni ya Wamarekani, wenye gitaa za umeme na nyumba zenye vyumba vya chini ya ardhi. Ni kweli, nyumba zetu za Shinyanga hazina vyumba vya chini ya ardhi. Kwetu walio chini ya ardhi ni wachimbaji. Lakini hatuna haja ya kuvuka bahari ili kuthibitisha hoja hii. Tusafiri hadi Mwananyamala, Dar es Salaam.

Huko, mwaka 1992, lilianzishwa kundi liitwalo Jagwa Music. Muziki wao ni mchiriku: kinanda kidogo cha Casio, cha aina ambayo wenye uwezo huwanunulia watoto kama mchezo, kikiunganishwa na vipaza sauti vyenye mkwaruzo, na nyuma yake ngoma za mkono zinazokwenda mbio. Mashairi yao yalisema juu ya umaskini, madawa ya kulevya, mapenzi yaliyoharibika na ujanja wa mjini. Redio hazikuutaka mchiriku. Waungwana waliuita muziki wa wahuni. Ukaenea kwa kanda za kaseti zilizopita mkono kwa mkono, kwa ngoma za uswahilini na kwa madereva waliozipiga garini. Miaka 20 baadaye, mwaka 2012, kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao, Bongo Hotheads, na Jagwa wakapanda majukwaa ya Ulaya. Wazungu waliowasikiliza hawakupata neno jingine la kuwaelezea isipokuwa panki.

Mtoto wa mchiriku ni singeli. Katika mitaa ya Manzese, Tandale na Mburahati, vijana wenye kompyuta moja iliyochoka walianza kuukimbiza mdundo kupita mapigo 200 kwa dakika, na wakati mwingine karibu 300. Mmoja wao, anayejulikana kwa jina la Sisso, aligeuza chumba kuwa studio huko Mburahati. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo wa kazi za studio hiyo, na kelele iliyokuwa ikilalamikiwa na majirani ikaanza kuchezwa katika matamasha ya nje ya nchi. Leo singeli hupigwa katika sherehe za kiserikali na viongozi hutikisa mabega. Tumesahau kwamba juzi tu tuliiita uchafu.

Ukizipima habari hizi tatu, ya Aberdeen, ya Mwananyamala na ya Mburahati, utaona zimejengwa juu ya mambo mawili. La kwanza ni mahali pa kufanyia mazoezi pasipo mlinzi wa mawazo. La pili ni wasikilizaji waliopokezana kazi hiyo wenyewe, kabla ya redio, wizara au kampuni yoyote kutoa kibali. Heshima kutoka nje ilikuja baadaye, na mara nyingi ilikuja kabla ya heshima ya nyumbani.

Sasa nirudi kwetu, maana jambo linaloniuma ni kwamba Usukuma haukuwa maskini wa mambo haya mawili. Ulikuwa nayo kabla ya wengine.

Nilikulia katika kijiji kimoja cha Kahama, na baba yangu mdogo alikuwa mchezaji wa upande wa Bagika. Kwa wasiojua, mbina za Wasukuma zimegawanyika tangu zamani katika pande mbili zinazoshindana, Bagika na Bagalu, ambazo mapokeo huzihusisha na mafundi wawili mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia Juni, vikundi viwili hucheza katika uwanja mmoja, kwa wakati mmoja. Hakuna jopo la majaji. Watazamaji ndio majaji, nao hupiga kura kwa miguu: upande uliovuta umati mkubwa zaidi ndio mshindi. Ningi, yaani mtunzi na mwimbaji kiongozi, asiyejua kuwagusa watu huuona uwanja wake ukimwagika kwa mpinzani, mbele ya macho yake.

Majuma kadhaa kabla ya mashindano, baba mdogo alikuwa akitoweka kila jioni. Walikuwa na mahali pao pa mazoezi, nje ya kijiji, ambapo sisi watoto hatukuruhusiwa kupajua, kwa kuwa upande wa pili ungeweza kuiba wimbo. Nilipokuwa mkubwa kidogo nilimwuliza walikuwa wakiimba nini huko. Akanijibu: "Mwanangu, huko tulikuwa tukimtukana kila mtu, hata mtemi. Kisha tulichagua matusi yaliyo na ukweli, tukayatia sauti." Nimesoma vitabu vingi juu ya uhuru wa maoni tangu siku hiyo, na sikumbuki maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Kwanza pawe na mahali pa kusema ovyo. Halafu pawe na kuchagua. Halafu pawe na uwanja, na watu wenye miguu yao.

Ni nini kilichotokea baadaye? Mbina hazijafa. Kila Juni, Bujora, karibu na Mwanza, ngoma za Bulabo bado huvuta umati, na kituo kile alichokiasisi Padri David Clement kimehifadhi mengi. Lakini katika miji ya machimbo yenyewe kiungo kimoja kimebadilika: nani anayelipa. Msanii wa leo wa ukanda huu hualikwa katika harusi ya mwenye plenti ya kuchenjulia dhahabu, katika uzinduzi wa duka, katika ufunguzi wa mradi na katika mkutano wa kampeni. Jina la mfadhili hutajwa ndani ya wimbo, mara tatu au mara nne, pamoja na idadi ya ng'ombe wake. Siwalaumu wasanii hao. Mwenye njaa huimba anachoagizwa, na kusifu ni sanaa ya kale yenye heshima yake. Ila wimbo unapokuwa na mnunuzi mmoja tu, na mnunuzi huyo ndiye mwenye shimo, nani ataimba juu ya shimo?

Historia yetu inatupa onyo zuri. Almasi za Mwadui, Shinyanga, ambako John Williamson aligundua mgodi wake mwaka 1940, zilikatwa Iringa na kampuni ya Tancut. Kampuni hiyo ilikuwa na bendi, Tancut Almasi, iliyovuma katika miaka ya 1980 kwa sauti za pacha wawili, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Ulikuwa muziki mtamu, na mpaka leo wazee huusikiliza kwa majonzi. Lakini hebu tafakari mpangilio wake. Jiwe lilitoka Shinyanga, bendi ikaota Iringa. Ala zilikuwa mali ya mwajiri, kama zilivyokuwa ala za bendi nyingi za mashirika ya umma wakati huo. Bendi ya namna hiyo huishi kwa pumzi ya mwenye ala. Huyo akikohoa, bendi huugua. Jagwa walikuwa na kinanda kibovu, lakini kilikuwa chao, na pengine ndiyo maana waliweza kuishi miaka 20 pasipo mtu kuwajali.

Baadhi yenu, hasa mlio katika utumishi wa umma, mtauliza fedha zitoke wapi. Swali hilo ni halali, nami nitalijibu kwa mfano wa mpira. Klabu ya Geita Gold, kwa udhamini wa mgodi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2021, na katika msimu wake wa kwanza huko mshambuliaji wake, George Mpole, akawa mfungaji bora wa ligi nzima kwa mabao 17. Mji ambao magazeti yalikuwa yakiutaja kwa ajali za machimbo ulitajwa kwa mabao. Hakuna aliyesema kwamba mpira ni anasa. Tulikubaliana kwamba vijana wanahitaji uwanja, na uwanja ukapatikana.

Vyanzo vipo, tena vimeandikwa katika sheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2017, Sheria ya Madini inamtaka mwenye leseni kubwa aandae kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Halmashauri hupokea pia ushuru wa huduma, unaokokotolewa kutokana na mauzo. Ipo asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi vya vijana. Mipango ya namna hii niliyobahatika kuisoma imejaa madarasa, zahanati, madawati na barabara, na ni sawa kabisa iwe hivyo. Sijaona hata mmoja wenye mstari wa chumba cha mazoezi.

Chumba ninachokisema si jumba la utamaduni lenye jiwe la msingi na jina la mgeni rasmi. Jumba la aina hiyo hufunguliwa siku ya sikukuu na kufungwa siku zote zilizobaki, na funguo hukaa ofisini. Nasema juu ya chumba kimoja cha matofali, chenye umeme, katika kila mji wa machimbo: Katoro, Kakola, Geita, Kahama, Maganzo. Kuta zake zijazwe pumba za mpunga, ambazo Kahama huzichoma moto kwa kukosa kazi nazo, ili jirani apate kulala. Ndani pawe na spika mbili, vipaza sauti, kompyuta, kinanda, na ngoma zetu. Funguo zishikwe na vijana wenyewe, kwa zamu, kwa daftari. Na pawe na kanuni moja tu iliyobandikwa mlangoni: hakuna atakayeulizwa ataimba nini kabla hajaimba.

Najua kanuni hiyo ndiyo itakayoleta ugomvi. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani aliniandikia kwamba yeye na wenzake watatu walikuwa wamepangisha stoo ya mazao ili wafanye mazoezi. Hawakuwa na wimbo hata mmoja uliokamilika. Mwenye stoo aliambiwa na watu wa mtaani kwamba vijana wale "wanapanga mambo", naye akawarudishia kodi ya miezi miwili iliyobaki. Hawakuvunja sheria yoyote. Walichofanya ni kukutana usiku, vijana wanne, bila mzee wa kuwasimamia. Leo wawili kati yao wako machimboni, mmoja anaendesha bodaboda, na yeye aliyeniandikia hupiga kinanda katika sherehe, nyimbo za kuagizwa.

Hofu ile haikuanza na mwenye stoo. Ameifundishwa, na sisi tulio katika vyuo na ofisi tumo katika walimu wake. Machi 2017 msanii Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake Wapo, na BASATA likaufungia. Baada ya muda mfupi amri ikatoka juu kwamba aachiwe na wimbo upigwe. Wengi walishangilia wema wa mkubwa. Lakini uhuru unaotolewa kwa neno la mtu mmoja huweza kuondolewa kwa neno la mtu mmoja, na kila mwenye stoo nchini alilielewa somo hilo vizuri: kama hujui mkubwa ataamua nini, ni salama zaidi kufunga mlango.

Kuna hoja nyingine, nayo ni ya maadili. Nimeambiwa kwamba vijana wakiachiwa chumba watatukana. Naam, watatukana. Baba yangu mdogo alitukana, na matusi yale yalipochekechwa yakawa nyimbo ambazo wazee wa kijiji waliziimba shambani. Kazi ya kuchekecha ni ya wasikilizaji. Umati wa mbina haukuhitaji afisa wa kuuambia ukae upande gani. Wimbo mchafu usio na ukweli uliachwa peke yake uwanjani, na hakuna faini iliyo kali kuliko hiyo. Wanaodai kwamba wananchi hawawezi kuchuja wanachosikia wasituambie wakati huohuo kwamba wananchi haohao wanaweza kuchagua diwani.

Wala sidai kwamba kila chumba kitazaa Jagwa. Vikundi vingi vitavunjika kwa sababu ya deni, mchumba, au kijana mmoja kupata kazi mgodini. Hata umaarufu wenyewe una sumu yake: Cobain alijiua Aprili 1994, akiwa na umri wa miaka 27, na dunia nzima ikimjua. Sitafuti nyota wa kupeleka Ulaya. Natafuta miji ambayo kijana wa miaka 19, akitoka shimoni akiwa ameona jambo lisilofaa, ana mahali pa kulisema mara kumi vibaya ili mara ya kumi na moja alisema vizuri. Asipokuwa na mahali hapo, halisemi kabisa. Au hulisema siku moja kwa mawe, kwenye uzio wa mgodi, na sote tunajua siku hizo huishaje.

Kwa hiyo, wanafunzi wangu, msisubiri chumba kitoke serikalini. Yule mama wa Aberdeen hakuwa serikali. Tafuteni mtu mmoja mwenye stoo na moyo. Wanaharakati, mnapodai fidia na mazingira, ongezeni mstari mmoja wa chumba katika madai yenu. Nanyi maafisa utamaduni, maendeleo ya jamii na mipango, ambao najua mnasoma hapa ingawa hamwachi maoni: msimu wa bajeti unapofika, na mpango wa uwajibikaji wa mgodi ukiletwa mezani kwenu, hesabuni gharama ya matofali, mabati, nyaya na magunia ya pumba. Mtaona ni ndogo kuliko posho za kikao kitakachoijadili.